Mgonjwa Anaulizwa

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja alasiri katika ukumbi wa kanisa mtaani Nyalenda, Kisumu. Nimeyaandika karibu yalivyotoka kinywani; nimepunguza tu pale nilipojirudia na pale mvua ya juu ya mabati iliponinyamazisha.

Chifu wetu, wazee wa mtaa, pasta uliyetupa ukumbi bila kutudai hata pesa ya stima, akina mama, wahudumu wa afya ya jamii mliokuja na mikoba yenu ya kazi, vijana wa bodaboda mnaonisikiliza huku jicho moja liko kwa pikipiki: misawa. Niwieni radhi kwa kuchelewa. Nimetoka Russia sasa hivi, na hapa Kisumu mtu akisema ametoka Russia mnajua hajapanda ndege. Wageni wetu wa Nakuru wananitazama. Hospitali ya Jaramogi ndiyo tunayoiita hivyo, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti ikafunguliwa 1969. Nilikuwa nimekwenda kukaa na mtu, na wadi haina saa.

Aliyenialika alinitumia ujumbe kwamba nije nieleze kazi ya "mtetezi wa watumiaji wa huduma za afya". Nilimsomea mama yangu jina hilo. Akaniuliza, "Kwani hospitali imekuwa supamaketi?" Nikacheka, lakini swali lake nililibeba hadi hapa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inamhesabu mgonjwa kuwa mtumiaji. Inasema ana haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, kupewa habari za kumwezesha kufaidika na huduma hiyo, kulindwa afya yake na mfuko wake, na kufidiwa akiumizwa. Na haibagui; iwe hospitali ya serikali au ya mtu binafsi, ni mamoja. Tatizo ni kwamba katika supamaketi unaingia ukiwa mzima. Ukipewa chenji pungufu unarudi, unapaza sauti, unaonyesha risiti. Hospitalini unaingia siku ile ambayo huna nguvu hata ya kushika risiti. Kazi yangu inaanzia hapo. Mimi ni yule asiyeumwa, aliyeshika karatasi.

Lazima niwaambie nilitoka wapi, msije mkasikia kwingine. Kwa miaka 22 nilikuwa nyuma ya dirisha la malipo la hospitali moja ya eneo hili. Jina nitaliacha, kwa sababu nitakayoyasema yangetokea popote. Nilikuwa karani. Karatasi zilitoka wadini zimeandikwa kwa kalamu ya haraka: sindano, glavu, dripu, siku za kitanda. Mimi napiga tarakimu, mashine inatema bili, natoa mkono dirishani.

Siku moja Desemba alikuja mzee wa Nyakach na mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu, bado na sweta ya shule. Bili ilikuwa ndefu. Msichana hakulia wala hakuomba msamaha. Aliiweka ile karatasi kwenye ukingo wa dirisha, akaweka kidole kwenye mstari wa saba, akaniuliza, "Hii ni ya nini?" Nikasoma: oksijeni, siku tatu. Akasema, "Babu hakuwekewa oksijeni. Mrija ulikuwa wa kitanda cha pili."

Niliudhika. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni. Lakini niliinuka nikapanda wadini, na sista akafungua faili, akanyamaza, kisha akasema pole. Mzee alikuwa kitanda cha 14. Oksijeni ilikuwa ya kitanda cha 15. Shilingi elfu tisa na ushei, na bili hiyo niliipiga mimi kwa mikono yangu hii.

Hakuna aliyeiba pale. Sista alikuwa peke yake usiku kucha na wadi nzima, mimi nilikuwa nimechoka, mstari mmoja ukateleza. Lakini nilianza kujiuliza: ni mistari mingapi niliyoipiga miaka hiyo yote, ikalipwa kwa kuuza ng'ombe, kwa sababu hakuna aliyeweka kidole akauliza? Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa upande wa pili, ingawa niliendelea kukaa dirishani miaka mingine sita. Watoto walikuwa shule.

Basi swali la kwanza la mtetezi ni lile la mjukuu wa Nyakach. Omba bili iliyochanganuliwa kitu kwa kitu, na uisome kabla hujafungua kile kikundi cha WhatsApp cha mchango. Sisi huanza kinyume. Bili haijasomwa na mtu, tayari nambari ya paybill ya kutumia mchango kwa simu imefika hadi kwa binamu aliye Qatar.

Kuna methali mnayoijua nyote: mgonjwa haulizwi uji. Wahenga walikuwa na upendo walipoisema. Mtu ana homa, mdomo umekauka, usimsimamie pale ukimuuliza kama anataka, mletee tu. Lakini methali hii ilitoka jikoni ikaingia wadini bila kubisha hodi. Siku hizi mgonjwa haulizwi uji, haulizwi sindano, haulizwi kisu. Anapewa fomu na kalamu, anaambiwa, "Weka sahihi hapa." Ukiuliza ni ya nini unaambiwa ni utaratibu.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inasema kinyume na methali yetu. Inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida na hatari zake, na kwamba anaweza kukataa, na yote hayo kwa lugha anayoielewa. Lugha anayoielewa! Kama nyanya ni wa Dholuo, basi Dholuo. Si kwa Kiingereza cha herufi tatu tatu zinazoandikwa juu ya kitanda chake kama nambari ya gari. Ni baada ya kuelezwa hivyo ndipo sahihi yake inakuwa na maana. Kuna hali za kipekee, mathalani mtu amezimia na kuchelewa kutamuua, hapo daktari aendelee na kazi. Lakini akina mama wengi niliowakuta wametia sahihi wasichokijua walikuwa macho, wamekaa kitandani, wanaongea.

Mtu asidhani haya ni ya kwetu peke yetu, ya watu maskini. Kule New Zealand, nchi tajiri, katika hospitali ya wanawake ya mji wa Auckland, kuanzia 1966 kulikuwa na wanawake waliopatikana na dalili za mwanzo za saratani ya mlango wa kizazi. Badala ya kutibiwa kikamilifu walikuwa wakichunguzwa tu mwaka baada ya mwaka, kwa sababu daktari mkuu alikuwa na nadharia yake aliyotaka kuithibitisha. Wanawake hawakuambiwa. Walikuwa wakienda kliniki kwa uaminifu, wanapimwa, wanarudi nyumbani. Baadhi yao saratani iliwaingia na kuwaua. Mambo yalianikwa mwaka wa 1987, jaji Silvia Cartwright akaongoza uchunguzi, na ripoti yake ikatoka 1988. Kutokana na ripoti hiyo nchi ile ilitunga sheria mwaka wa 1994 ya kuweka kamishna wa kupokea malalamiko ya wagonjwa, na 1996 ikafuata hati ya haki kumi. Pamoja na hayo wakaweka watetezi. Mgonjwa anawapata bure, na hawako chini ya hospitali.

Hapo kwenye "hawako chini ya hospitali" nataka nikae kidogo. Sisi tuna meza za huduma kwa wateja. Nyingine ni nzuri, wasichana wanatabasamu, wanakuonyesha njia ya maabara. Lakini anayelipwa na hospitali atakusindikiza hadi mahali fulani tu. Mimi mwenyewe nikiwa karani nilijua mistari mibaya ya bili kabla ya mjukuu yule, na nilinyamaza, kwa sababu ukila sahani moja na mtu huwezi kumwambia chumvi imezidi. Kwa hiyo mtu yeyote akiwaambia ni mtetezi wenu, muulizeni analipwa na nani. Mniulize na mimi. Ninaishi kwa pensheni na kuku, na nauli hunipa familia ya mgonjwa ikiwa nayo.

Tumpe kila mtu haki yake. Kutetea si kumfokea sista. Vijana wameniletea video, wameingia na simu wadini wanarekodi, wanasema wanatetea. Nyuma ya sista anayefokewa kuna mama amelala nusu uchi, uso wake wote umeonekana. Je, nani amemuuliza yeye? Siri ya mgonjwa nayo ni sheria. Lakini siwezi kusema simu haina kazi, kwa sababu ya Bungoma.

Agosti 2013, miezi michache tu baada ya serikali kutangaza kujifungua ni bure, mama mmoja alikwenda kujifungua katika hospitali ya wilaya ya Bungoma. Vitanda vilikuwa vimejaa. Alijifungulia sakafuni, kwenye ujia, akapoteza fahamu, na alipozinduka alikuta wauguzi wanamfokea. Alipigwa kofi. Kulikuwa na mtu aliyerekodi. Mama yule akaenda Mahakama Kuu ya Bungoma, na Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni akaamua kwamba haki zake zilikanyagwa na utu wake ukavunjwa. Akaamuru aombwe radhi na alipwe shilingi milioni mbili na nusu. Wauguzi walikuwa na makosa yao, lakini jaji aliziona serikali mbili pia, ya kaunti na ya kitaifa, zilizotangaza huduma ya bure bila kuweka vitanda, dawa wala watu wa kutosha. Mimi humwona mama yule kama mtetezi mkubwa kuliko sisi wote tunaojiita hivyo. Alikaa na jambo hilo karibu miaka mitano akiwa na mtoto wa kulea.

Sasa vijana wa bodaboda, hili ni lenu, maana ninyi ndio ambulensi ya mtaa huu. Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hicho ni kifungu cha 43, kipengele cha pili. Sheria ya 2017 ikaongeza meno: hospitali yenye uwezo ikikataa kumhudumia mtu wa dharura inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni tatu. Wamtulize kwanza, na kama hawawezi zaidi ya hapo, wao ndio wapange rufaa. Ukimfikisha mtu aliyegongwa pale Kondele ukaulizwa dipoziti, usianze kupigana na askari wa getini, yule hajui hata hiyo sheria. Omba jina la mhudumu aliyekataa na saa. Andika mbele yake. Nimeona malango yakifunguka kwa sababu ya kalamu tu.

Na kwenye lango la kutokea kuna mambo pia. Mwaka wa 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya bili baada ya kujifungua. Alisema kumfungia mtu hospitalini kwa deni si halali. Deni linabaki deni, hilo sitawadanganya, lakini linadaiwa kama madeni mengine. Hata hivyo mpaka leo napigiwa simu: mtu ameruhusiwa Jumatatu, leo Ijumaa bado amekaa kwenye benchi la wadi. Ninapofika sianzi na jaji. Naanza na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, kisha bili iliyochanganuliwa, kisha makubaliano ya maandishi ya kulipa kidogo kidogo, yenye nakala ya kitambulisho na mdhamini. Mara nyingi tunatoka jioni hiyo. Jaji namweka mfukoni, namtoa wakikataa.

SHA, ile mamlaka ya bima ya afya ya serikali, mnataka niiongelee, nawaona. Nitasema machache kwa sababu tukiifungua hatutalala nyumbani. Ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Zahanati na kituo cha afya hulipiwa na mfuko wa huduma ya msingi, mradi umejisajili, hata kama mchango wako haujakaa sawa. Kujifungua kwa kawaida SHA hulipa hospitali shilingi 10,000, na kwa upasuaji 30,000. Ukiambiwa "SHA haifanyi kazi", usirudi nyumbani. Uliza haifanyi kazi wapi. Ni mtandao umelala? Ni mchango wangu? Ama ni ninyi hamna mkataba nao? Majibu hayo matatu yana njia tatu tofauti. Na usiweke kidole kwenye mashine kabla hujaelezwa unakubali nini. Kidole chako kikigusa pale, umeshuhudia kwamba umehudumiwa.

Mkiumizwa, andikeni mapema. Kila hospitali ya umma ina ule ubao mkubwa ukutani, unaonyesha huduma, gharama na muda, na chini umeandikwa Huduma Bora ni Haki Yako. Tunauegemea tukisubiri, hatuusomi. Sheria ya 2017 inataka utaratibu wa kulalamika ubandikwe mahali panapoonekana, na malalamiko yachunguzwe. Anza na sista inchaji, kisha msimamizi wa hospitali, kwa barua, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kosa la daktari linapelekwa kwa baraza lao, KMPDC. La muuguzi kwa Baraza la Wauguzi. Ukinyimwa habari, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kukujibu, na ikiwa inahusu uhai wa mtu ni saa 48. Wasipojibu kuna ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, iko hapa hapa Kisumu. Na anayetaka kwenda kortini kwa uzembe ajue saa inahesabu: kwa kawaida ni miaka mitatu, lakini dhidi ya Serikali ni miezi 12. Nimezika kesi nzuri kabisa, za watu waliosubiri matanga yaishe, kisha mavuno yaishe, kisha mtoto amalize shule.

Niwaambie na kosa langu, kwa sababu pasta yuko hapa na ni vigumu kunyamaza mbele yake.

Kulikuwa na mzee mvuvi wa Dunga, sukari ilikuwa imemla mguu. Madaktari wakasema ukatwe chini ya goti. Wanawe wakanipigia. Nilifanya kazi siku tatu kama mtu aliyepagawa: nilifuatilia idhini ya SHA, nilitafuta watu wa kutoa damu, nilimbembeleza msimamizi wa wadi hadi mzee akapangiwa siku. Niliona fahari. Jioni ile nikaenda kitandani kumpa habari njema. Alikuwa anaangalia dirishani. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Nyara, binti yangu, mguu huu ni wa nani?"

Sikuwa na jibu. Daktari hakumuuliza, wanawe hawakumuuliza, na mimi niliyekuja kumtetea sikumuuliza. Nilikuwa nimempelekea uji.

Nilirudi kwa daktari, kijana mdogo wa Maseno, nikamwomba avute kiti. Kwa kweli alivuta kiti. Akaeleza kwa Dholuo, polepole, akachora mguu nyuma ya karatasi ya maabara. Mzee aliuliza maswali matatu. Ya kwanza, maumivu yataisha? Ya pili, wasipokata itakuwaje? Daktari akamjibu bila kuficha. Ya tatu, "Nitaweza kuingia mtumbwini?" Daktari akafikiri, akasema akipata mguu wa bandia na mtu wa kumshika mkono, anaweza kukaa, ila kuvuta nyavu asahau. Mzee akaomba siku mbili, aongee na nduguye wa Rusinga kuhusu mtumbwi. Daktari alisema siku mbili ni nyingi kwa kidonda kile. Wakakubaliana siku moja. Ndugu akaja na matatu ya alfajiri, wakanong'onezana, na fomu ilipoletwa mzee mwenyewe ndiye aliyeomba wino. Akabonyeza kidole, akakiangalia, akakifuta kwenye shuka.

Sasa mvua imepungua na mimi nimesema vya kutosha. Tumepanga meza mbili pale kando, na kalamu zipo. Naona kuna mama kule nyuma ameshika bahasha ya kahawia tangu nianze kuongea. Mama, ungependa tuisome hapa mbele za watu, ama kando?

Sawa. Kando. Vijana, msogezeeni mama kiti.